SOMO LA 8: Nani Anakula Peke Yake?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa. 18:1–8; 1 Fal. 17:8–16, Luka 14:12–14, Mdo. 2:46, Rum. 12:13, Gal. 2:11–14, Ebr. 13:2, 3 Yoh. 5–10.

Fungu la kukariri: Warumi 15:7.

Kiwira iko kando ya barabara kuu itokayo Uyole kwenda Tukuyu, Kyela na mpakani Kasumulu. Soko lake la ndizi huwaleta wachuuzi, madereva na utingo. Chuo cha Magereza huwaleta askari wanafunzi. Shule huwaleta walimu wapya. Ikifika Sabato, baadhi yao huingia kanisani. Mzee wa zamu huwaomba wageni wasimame, wajitambulishe na kutoa salamu za makanisa walikotoka. Wimbo wa kuwakaribisha huimbwa, na waumini huitikia “Amina.” Baada ya baraka ya mwisho watu hupeana mikono mlangoni, hutazama mawingu, na kila mmoja hushika njia ya kwake. Saa nane mchana yule aliyeimbiwa yuko nyumba ya kulala wageni, anakula mkate na soda peke yake.

Je, alikaribishwa?

JUMAPILI: Ibrahimu Apiga Mbio

Soma Mwanzo 18:1–8. Ibrahimu alifanya mambo gani kabla hajawafahamu watu wale?

Ilikuwa saa ya jua kali, saa ambayo mzee wa umri wake ana haki ya kupumzika. Alipiga mbio kuwalaki, akataja chakula kidogo tu, kisha akaandaa ndama. Hakuwauliza kabila wala safari yao kwanza. Maji ya miguu yalitangulia maswali.

Neno la Kiyunani ambalo Warumi 12:13 na Waebrania 13:2 hulitumia kwa ukarimu limeundwa na maneno mawili: upendo na mgeni. Kumpikia shangazi aliyekuja kutoka Mwakaleli ni jambo jema, lakini agizo hili linamtazama zaidi yule ambaye jina lake bado halijulikani.

JUMATATU: Ukwangala

Wanyakyusa hawakuhitaji kufundishwa kula pamoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa wazazi wao na kuanzisha kijiji cha rika lao. Walilala huko, lakini chakula walikifuata kwa mama zao. Nao hawakwenda mmoja mmoja. Marafiki walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hata walipooa waliendelea kuishi pamoja. Ushirika huo wa kula, kunywa na kuzungumza kama watu walio sawa uliitwa ukwangala, na iliaminika kwamba mtu hupata hekima humo.

Mshiriki aliyekulia Rungwe akisoma Matendo 2:46 anaweza kuona sura anayoifahamu. Huu ni urithi mzuri, na kanisa halina sababu ya kuuonea aibu (pombe iliyokuwa sehemu yake ni jambo jingine). Lakini urithi huo ulikuwa na ukuta. Uliwakusanya wanaume wa rika moja. Baba mkwe na mkamwana walipaswa kuepukana kabisa, wasikutane hata njiani.

Vijiji vya rika havipo tena kwa namna ile, ila ukuta hujengwa upya kwa urahisi. Angalia chakula cha pamoja uani mwa kanisa. Wazee wa kanisa wana benchi lao, wanakwaya wako chini ya mti, akina mama wa Dorkasi wako karibu na masufuria, walimu wako na walimu. Mazungumzo huanza kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni. Baada ya kicheko cha kwanza yanahamia Kinyakyusa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mgeni hutabasamu wengine wanapocheka, kisha hutazama sahani yake.

Katika darasa lako, ni nani hukosa pa kukaa wakati wa chakula cha pamoja? Lugha gani hutumika anapokuwapo?

JUMANNE: Kiti cha Petro Antiokia

Soma Wagalatia 2:11–14. Kwa nini Paulo alimpinga Petro mbele ya wote?

Petro hakuhubiri uongo Antiokia. Alihama meza tu. Alikuwa akila na waumini wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga kwa hofu, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Mtu angeweza kusema ni suala la adabu, limalizwe faraghani. Paulo aliona kwamba waumini wale walikuwa wanaambiwa, bila neno lolote, kuwa Kristo peke yake hakutosha kuwafanya ndugu.

JUMATANO: Daftari la Michango

Soma Luka 14:12–14.

Nyumba nyingi zina kumbukumbu ya michango ya harusi na misiba: fulani alitoa elfu ishirini, naye atarudishiwa siku yake. Utaratibu huo umezika wengi kwa heshima, wala Yesu hakuja kuuvunja. Lakini akiwa mezani kwa Farisayo alimweleza mwenyeji juu ya wageni ambao hawataandikwa kwenye daftari lolote. Kiwira, huyo anaweza kuwa utingo aliyelala chini ya lori, au msichana wa kazi za ndani anayeketi nyuma na watoto wa mwajiri wake, au mshiriki wa magongo ambaye njia ya kanisani kwake ni tope tupu.

Wengi hawanyimi wageni kwa uchoyo. Wanaionea aibu nyumba yao. Hakuna sofa, bati linavuja. Mjane wa Sarepta (1 Fal. 17:8–16) alibakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na aliyehitaji kukaribishwa alikuwa nabii, tena wa taifa jingine. Ndizi na maharage yaliyopikwa Ijumaa yanatosha.

ALHAMISI: Siku ya Tatu

Katika 3 Yohana 5–10, Gayo anawapokea ndugu walio wageni. Diotrefe anawakataa, na anawazuia hata wale wanaotaka kuwapokea. Kosa analotajiwa ni kupenda kuwa wa kwanza. Mtu wa namna hiyo huona kila mgeni mwenye karama kuwa tishio kwa nafasi yake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962. Wengi huisikia kama njia ya kumfukuza mtu. Lakini anayepewa jembe ameingizwa shambani pamoja na wenye nyumba. Barua ya uhamisho wa ushirika ina utaratibu wake, nao ufuatwe. Kubeba viti au kwenda kumwona mgonjwa pamoja na wengine hakusubiri kura ya kanisa.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Mara nyingi mume ndiye hualika, mke ndiye hupika. Familia ifanye nini Siku ya Maandalio ili ukarimu usiwe mzigo wa mtu mmoja, hata akakosa Sabato?

2. Mshiriki anasema, “Siku hizi matapeli ni wengi, siwezi kumwingiza nyumbani nisiyemjua.” Hofu yake ina msingi. Darasa zima linaweza kumsaidiaje kukaribisha bila kuhatarisha watoto wake?

3. Hesabuni wageni waliosimama kanisani Sabato tatu zilizopita. Wangapi walikula nyumbani mwa mshiriki? Mkatibu wa darasa aandike idadi hiyo, nayo isomwe tena baada ya Sabato nne.