Nani Anayeisogeza? Kutafsiri «relief cinétique» kwa Kiswahili

Katika zoezi la tafsiri nilipewa maelezo mafupi ya aina inayopatikana katika katalogi za mnada za Paris: «relief cinétique, bois et métal peints», kazi ya Jesús Rafael Soto. Nikaandika haraka: "mchongo unaojiendesha, wa mbao na metali zilizopakwa rangi". Mwenzangu akasoma, akauliza: "Mota yake iko wapi?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Tuanze na kitu chenyewe. Soto alizaliwa Ciudad Bolívar, Venezuela, mwaka 1923, akahamia Paris mwaka 1950, akafariki huko mwaka 2005. Kazi zake nyingi za ukutani zimeundwa hivi: ubao umechorwa mistari myembamba, nyeusi na nyeupe, iliyo sambamba, mbele ya ubao, kwa nafasi ndogo, kuna fito au miraba ya metali. Ukisimama, vyote vimetulia. Ukipiga hatua, mistari ya nyuma inakatana upya na metali ya mbele, na jicho linaona mtetemeko. Hakuna mota, wala hakuna kilichochongwa. Basi nilikosea mara mbili: "mchongo" unatokana na kitenzi -chonga, na "unaojiendesha" unakipa kitu nguvu ambayo hakina.

Kosa la pili lina mafunzo zaidi. Mwaka 1955, Galerie Denise René ya Paris ilifanya maonyesho yaliyoitwa «Le Mouvement», yaliyowakutanisha Soto, Calder, Tinguely na wengine. Kivumishi «cinétique» kinawafunika wote. Katika Kiswahili wazo hilo hutaka kitenzi, na kitenzi kinatudai tuseme mwendo unatoka wapi:

1. Mashine ya Tinguely inaendeshwa na mota.
2. Kazi ya Calder iliyotundikwa inayumbishwa na hewa.
3. Kazi ya Soto inaonekana kutetemeka mtazamaji anapotembea.

Katika mifano miwili ya kwanza tuna kauli ya kutendesha pamoja na kutendwa (-end-esh-w-a, -yumb-ish-w-a), na msababishaji anatajwa baada ya "na". Katika mfano wa tatu msababishaji hayumo ndani ya kazi: ni mtu mwenye miguu na macho, na anaingia kwa kiambishi -po-.

Msomaji anaweza kuniuliza: kwa nini tusiseme tu "sanaa ya mwendo"? Kama jina la mkondo wa sanaa, nakubali. Lakini katika mnada neno ni ahadi kwa mnunuzi. Nchini Ufaransa, amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inaeleza hata uzito wa vihusishi. «Par» au «de» mbele ya jina la msanii ni dhamana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza kazi. «Attribué à» inaahidi kwamba kuna sababu nzito za kumdhania. «D'après» haitoi dhamana ya msanii kabisa.

Hapo ndipo kihusishi chetu -a kinapotutega. "Kazi ya Soto" ni ile aliyoitengeneza, au ile aliyokuwa akiimiliki? Katika mazungumzo hatusumbuki, kwa kuwa muktadha unatusaidia. Katika katalogi mtu anatoa fedha kwa kutegemea jibu.

Tafsiri yangu ya sasa ni hii: "Kazi ya ukutani yenye sehemu zinazotokeza, ya mbao na metali zilizopakwa rangi, iliyotengenezwa na Jesús Rafael Soto, huonekana kutetemeka mtazamaji anapotembea mbele yake." Ni ndefu kuliko Kifaransa, na mwalimu anaweza kunidai niifupishe. Nitapunguza panapowezekana, ila vitu viwili sitavigusa: nani aliitengeneza, na nani anayeisogeza. Atakayeinunua kwa maneno hayo hatatafuta waya wa umeme nyuma ya ubao.