SOMO LA SHIMI: KOBALTI INAISAIDIA PLATINI NAMNA GANI?



Hapa Likasi hata mtoto mdogo anajua jina la kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini tukiulizwa inakwenda kufanya kazi gani, wengi tunajibu "batri", halafu tunanyamaza. Leo tuangalie kazi yake nyingine.

1. Oksijeni inatoka, oksijeni inarudi

Ku Shituru, umeme ukipita katika asidi yenye shaba, shaba inashika ku katode. Ku anode maji yanavunjika, oksijeni inatoka:

2 H2O → O2 + 4 H+ + 4 e-

Sasa mugeuze mshale. Kuna mashini inayokula hidrojeni na hewa, inatoa umeme na maji. Kwa hesabu, kila selu yake ingetoa karibu volti 1,23. Kwa kazi inatoa chini ya hapo, juu oksijeni ni mvivu. Inahitaji katalizeri, yaani kichocheo. Platini inafanya kazi hiyo vizuri, lakini bei yake ni kali.

2. Kushika sana, kushika kidogo

Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912, alifundisha hivi: katalizeri nzuri inashika kwa kiasi. Mufikiri mwenye nyumba. Akifunga mlango, mgeni haingii. Akimkatalia mgeni kuondoka, mwingine hapati kiti. Platini inaishika oksijeni kupita kiasi kidogo. Atomu za kobalti ni ndogo kuliko za platini. Zikichanganywa, atomu za platini zinasogeleana, na mkono wao unalegea kidogo. Ndiyo inayotakikana.

3. Kuhesabu kabla ya kuyeyusha

Michanganyiko ni mamia. Nani ataiyeyusha yote? Wataalamu wanatumia ordinatere. Wanaandika kila atomu iko wapi, halafu wanahesabu oksijeni inashikwa kwa nguvu gani. Walter Kohn, aliyepata Nobel mwaka 1998, aliwafungulia njia: kuhesabu elektroni zimejaa namna gani kila mahali, pasipo kufuata moja moja. Mwaka 2004, Jens Nørskov na wenzake wa Denmark walionyesha kwa hesabu kwamba volti zinapotea juu oksijeni inang'ang'ania platini. Mwaka 2009 walichagua kwa hesabu platini na itriamu, na platini na skandiamu. Walipozijaribu katika maabara, zote mbili zilishinda platini tupu.

Lakini hesabu peke yake haitoshi. Asidi inakula kobalti polepole ndani ya mchanganyiko, kwa hiyo maabara lazima ijaribu. Hata hivyo gari Toyota Mirai, lililoanza kuuzwa mwaka 2014, lilitumia platini na kobalti.

4. Na sisi?

Kobalti inapanda malori hapa, hesabu yake inafanyika mbali. Bei kubwa iko ku hesabu. Tena mwanzo wake tunao darasani: kusawazisha mlinganyo, jedwali la elementi, matematiki. Tusiyapite masomo hayo mbiombio.

Maulizo

a) Mugeuze mlinganyo wa juu, muhesabu elektroni kila upande.
b) Metali isiyoshika oksijeni hata kidogo inafaa? Juu ya nini?
c) Maabara inaonyesha nini ambacho hesabu inaweza kukosa?