Kura ya Mwanafunzi: Kitui au Loresho?

SWALI: Msomaji anayesomea kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kupanga chumba Loresho, alijiandikisha kupiga kura kwao Kitui. Je, ahamishe kura yake kabla ya 2027?

JIBU: La kwanza ni kalenda. Uchaguzi mkuu utakuwa Jumanne, Agosti 10, 2027. Je, siku hiyo atakuwa Nairobi, au atakuwa kwao likizoni?

Kura ya urais ina uzito uleule popote inapopigwa. Tofauti iko kwenye karatasi nyingine tano: gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Akihamia Loresho atamchagua mbunge wa Westlands na gavana wa Nairobi, wala hatakuwa na sauti tena juu ya zahanati na maji ya kijijini kwao.

Akiamua kuhama, sheria inamtaka aiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Asingoje dakika ya mwisho.

Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya waliojiandikisha mwaka 2022. Idadi hiyo ndogo inauma, na wanafunzi wanaweza kuiongeza.

Siku yenyewe abebe kitambulisho au pasipoti aliyojiandikishia. Karani atamtambua kwa alama ya kidole, kisha atapewa karatasi sita. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Aliye kwenye foleni saa hiyo bado ana haki ya kupiga kura.