Nani Alipe Matuta ya Uluguru?

Anayefungua bomba Kimara, Dar es Salaam, anafungua Mto Ruvu. Mitambo miwili ya maji, Ruvu Juu ulioko Mlandizi na Ruvu Chini ulioko Bagamoyo, ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya jiji, na mto wenyewe unaanzia huku kwetu, katika vijito vya Milima ya Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena Oktoba 2022, kina cha Ruvu kilishuka hadi ukatangazwa mgao wa maji jijini. Watu walizungumza juu ya ukame na juu ya wanaochepusha maji njiani. Walikuwa na haki ya kuzungumza hivyo. Sisi tunapenda kuuliza jambo jingine, ambalo linaonekana dogo lakini ndani yake lina uchumi, sera na maadili: katika fedha anayolipa mtu wa jijini kwa uniti moja ya maji, ni kiasi gani kinamfikia mkulima anayeishi juu kwenye mteremko?

Wanaosoma falsafa ya jamii hukutana mapema na Aristotle, ambaye katika kitabu cha kwanza cha *Siasa* anatenganisha sanaa mbili. Ya kwanza ni kuitunza nyumba ili walio ndani waishi vema. Ya pili ni kukusanya fedha bila kikomo. Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Neno uchumi limetokana na kuchuma, na anayechuma anahitaji mti uliosimama. Wahenga nao wakasema mchumia juani hulia kivulini. Kwa habari ya Ruvu methali hiyo imekatika vipande viwili: mmoja anachumia juani Kibungo, mwingine anakula kivulini Masaki, na hawajawahi kuonana.

Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza tatizo hili mwaka 1920: mapatano ya watu wawili yanaweza kumwangushia mtu wa tatu gharama, au kumpatia faida, ambayo haimo katika bei. Mkulima wa mlimani anauza ndizi, tangawizi na iliki. Bei anayopewa sokoni haisemi lolote kuhusu tope alilozuia wala tope aliloliachia mto. Vivyo hivyo bei ya maji jijini inahesabu pampu, umeme, mabomba na dawa ya kutakasa. Udongo ulioshikwa juu haumo.

Tuseme wazi kidogo juu ya udongo huo, maana mabango mengi hutuambia kwamba miti huleta mvua, tukaishia hapo. Ni nusu ya ukweli. Miti pia hunywa maji, na mti usiofaa ukipandwa kando ya chemchemi unaweza kuipunguza. Msitu wa juu Uluguru, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, unanasa unyevu wa mawingu yatokayo baharini na kuyaachia maji polepole hata masika yakiisha. Chini ya mpaka wa hifadhi ndipo yalipo mashamba, mengine kwenye miinuko ambayo mgeni huyaangalia akashangaa jembe linashikaje. Mvua ya vuli ikikuta shamba hilo limechomwa na kulimwa upya, udongo huondoka nayo. Kinachofika kwenye mitambo ni tope linalodai dawa zaidi, na kinachofika kwenye mabwawa ni mchanga unaokula nafasi ya maji.

Fimbo ya mwaka 1955

Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliyaona haya mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi bila malipo. Asiyechimba aliadhibiwa. Wataalamu wa wakati ule hawakukosea kwamba mlima unamomonyoka. Walikosea kuhusu mlima wenyewe na kuhusu watu. Sehemu nyingi za Uluguru zina udongo mwembamba, na tuta la ngazi huufukia udongo mweusi wa juu na kuufukua ule wa chini usio na rutuba. Mtu aliacha palizi, akachimba kwa siku zisizo zake, akavuna pungufu. Wengi waliogopa pia kwamba ardhi iliyopangwa vizuri namna ile ilikuwa inaandaliwa kuchukuliwa.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, ukapambana na polisi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ilipopanda mlimani ilikuta watu walio tayari kuisikiliza.

Nusu karne baadaye matuta yalirudi kwa mlango mwingine. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi wa kuwalipa wakulima kwa kutunza chanzo cha maji katika eneo la Kibungo, kwenye Mto Mfizigo unaoingia Ruvu. Walipaji walikuwa wawili: DAWASCO, iliyosambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola Kwanza. Wakulima waliingia mikataba kwa hiari. Walichimba matuta na makinga maji ya fanya juu, wakapanda majani ya kushika udongo na miti ya matunda na mbao, wakalipwa kulingana na eneo la shamba walilolibadilisha. Wajukuu wa waliokataa matuta waliyachimba wenyewe.

Mtu anaweza kusema basi jibu limepatikana: lipa, watu watachimba. Tungependa iwe rahisi hivyo. Lakini ule ulikuwa mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mteremko hauna.

Wajibu na ujira

Mwaka 1960 Ronald Coase alionyesha kwamba kabla ya kuuliza nani alipe tunatakiwa kujua haki ni ya nani. Kama watu wa jijini wana haki ya kupata mto usio na tope, mkulima ndiye anayepaswa kujizuia kwa gharama yake. Kama mkulima ana haki ya kulima ardhi ya ukoo wake, mji ndio unaopaswa kumlipa abadilishe kilimo. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaegemea upande wa kwanza pale inapokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kando ya mto. Hesabu yake ni nyepesi. Mita 60 kila upande, kwa urefu wa mita 100 tu za kijito, ni hekta 1.2, karibu ekari tatu. Katika nchi tambarare hiyo ni kona ya shamba. Uluguru, ambako vijito vimejaa kama mishipa ya mkono, inaweza kuwa shamba lote la familia.

Hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia. Katika *Summa* (II-II, swali la 66) anakubali kwamba mtu anaweza kumiliki kwa maana ya kutunza na kusimamia, lakini katika matumizi asivione vitu kuwa vyake peke yake, awe tayari kuwashirikisha wahitaji. Kwa hiyo mkulima hawezi kusema mto ni wangu, nitaufanya nitakavyo. Lakini hoja hiyohiyo inamgeukia mtu wa jijini. Kama mlima ni wa wote katika manufaa, hauwezi kuwa wa mkulima peke yake katika mzigo.

Kwa maoni yetu mjadala huu unaharibika kwa sababu mambo mawili yanachanganywa. Kuna kutomdhuru jirani, na kuna kumfanyia jirani kazi. Mtu asiyewasha moto ukaingia hifadhini hastahili malipo kwa hilo, ametimiza wajibu. Lakini anayechimba makinga maji wiki tatu, au anayeiacha ekari nzima bila mahindi akisubiri miti ikue, huyo amefanya kazi, na matunda yake yanaonekana kilomita nyingi kutoka kwake. Bwana wetu alipowatuma wale wanafunzi wawili wawili hakuona aibu kutaja ujira wa mtenda kazi (Lk 10:7). Wanaohofia kwamba malipo yataugeuza utunzaji wa uumbaji kuwa biashara wana hoja, ila tunaona inafaa kwa jambo la kwanza tu. Kuitumia kwa la pili ni kumwomba maskini awe mtakatifu kwa niaba yetu.

Hayati Papa Fransisko, katika *Laudato si'* (na. 195), akimfuata Benedikto XVI, alitaka gharama za kutumia mali asili ya wote zijulikane kwa uwazi na zibebwe na wale wanaozisababisha, zisiangukie watu wengine wala vizazi vijavyo.

Shilingi kumi

Tufanye hesabu ya mfano. Ruvu Chini inaweza kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu milioni 196. Jumla ni uniti 466,000. Tuseme nusu tu ndiyo inayopita kwenye mita na kulipiwa, kwa kuwa mabomba yanavuja na bili nyingine hazilipwi. Shilingi 10 juu ya kila uniti zingekuwa shilingi milioni 2.33 kwa siku, takribani milioni 850 kwa mwaka. Familia inayotumia uniti 10 kwa mwezi ingelipa shilingi 100. Uniti za kwanza zinaweza kusamehewa, maana maji ya kunywa ni haki ya msingi, na anayenunua kwa ndoo tayari analipa kwa lita moja zaidi ya mwenye bomba ndani.

EWURA ndiyo inayopitisha bei za maji, na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi hapa Morogoro, tayari inakusanya ada za watumiaji wa maji. Vyombo vipo. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji inatambua pia jumuiya za watumia maji, ambazo zinaendana na kanuni ya auni ya Mafundisho Jamii ya Kanisa: jambo linaloweza kufanywa vema kijijini lisipandishwe wilayani. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba wanakijiji huweza kutunza mali ya pamoja kama wametunga taratibu wenyewe na wanaweza kuwabana wavunjaji.

Ugumu uko mahali ambapo wataalamu wengi hawapaangalii. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mume anaweza kulima maisha yake yote katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na aliyeazimwa shamba mara nyingi haruhusiwi kupanda mazao ya kudumu, kwa sababu mti ni alama ya umiliki. Sasa mkataba ukisema panda miti ulipwe, mwazimaji amefungiwa nje, ingawa ndiye anayelima kwenye mteremko mkali zaidi. Fedha ikiandikwa jina la baba wa kaya, mwenye ardhi ni mama na ndugu zake. Swali hili haliwezi kujibiwa Dodoma. Wazee wa ukoo, wake kwa waume, wanatakiwa kukaa nalo kabla fedha haijafika, maana ikishafika watu huongea tofauti.

Wakati huohuo Bwawa la Kidunda linajengwa kwenye Ruvu, kwa zaidi ya shilingi bilioni 300, lipate kuhifadhi lita bilioni 190 za maji kwa ajili ya Dar es Salaam na Pwani. Tunalifurahia, kwa sababu mgao wa mwaka 2022 uliumiza watu. Mito ya Uluguru italijaza bwawa hilo kwa maji, na kila masika italiletea pia udongo wa Mgeta na Matombo.