Namba 4,294,967,297: Ugawanyikaji na Usomaji Wake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namba 4,294,967,297, yaani 2³² + 1, katika mambo mawili: uthibitisho kwamba si namba tasa, na jinsi inavyosomwa kwa Kiswahili.

Mnamo mwaka 1640, Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba zipatikanazo kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16. Namba hizo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Fermat aliamini kwamba mfuatano huo, ambao vipeo vyake huongezeka maradufu, hutoa namba tasa daima. Inayofuata ndiyo namba yetu. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

2.0 Uthibitisho

Kwanza, 641 = 5⁴ + 2⁴. Pili, 640 = 5 × 2⁷. Tukizidisha usawa wa kwanza kwa 2²⁸, tunapata:

641 × 2²⁸ = 640⁴ + 2³²

Kwa hiyo:

2³² + 1 = (641 × 2²⁸) − (640⁴ − 1)

Lakini 640⁴ − 1 = 641 × 639 × (640² + 1). Sehemu zote mbili za upande wa kulia zina kigawo 641; basi na tofauti yao inacho. Tukigawanya tunapata 6,700,417, ambayo nayo ni tasa.

3.0 Usomaji

Uthibitisho huu umeelezwa kwa istilahi za kawaida za shuleni: namba tasa, kipeo, kigawo. Tatizo lipo kwingine. Mtu akitajiwa "elfu mia tisa sitini na saba" anaweza kuandika 967,000 au 900,067, kwa kuwa "elfu" hutangulia na haionyeshi mpaka wake. Katika mazungumzo muktadha huweza kusaidia. Katika hisabati hautoshi. Namba iliyo pungufu ya yetu kwa 1 tu, yaani 4,294,967,296, haina kigawo tasa kingine ila 2.

Utata huo huondoka tukisema "mia tisa sitini na saba elfu". Mpangilio huo tayari unatumiwa na wazungumzaji wengi. Kinachohitajika ni kuuzingatia bila kuyumba katika vitabu na madarasani.

4.0 Hitimisho

Mifano mitano iliyokubaliana haikutosha kuwa uthibitisho. Hadi leo haijapatikana namba tasa ya sita ya Fermat, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Kauli hizo mbili hazina budi kutenganishwa. Kuhusu lugha, namba hii inadhihirisha kwamba utoshelevu wa Kiswahili katika hisabati haupimwi kwa wingi wa istilahi pekee. Hupimwa pia kwa mpangilio wa maneno unaomwezesha msikilizaji kuandika namba ileile aliyokusudia msemaji.