DAWA YA MINYOO NA SAMADI YA KUKU

Huko Gakindu, katika vilima vya Mukurwe-ini, Nyeri, mashamba ni madogo, na banda la kuku, kahawa na migomba hukaribiana sana. Mfugaji hununua dawa ya minyoo, akawanywesha kuku wake, na baada ya miezi miwili huwaona wamekonda tena, vilemba vyao vimepauka na mayai yamepungua. Hapo huilaumu dawa. Lakini mara nyingi kosa limo katika samadi.

Yafaa tufahamu sababu yake. Minyoo mviringo hukaa utumboni mwa kuku na kutaga mayai madogo yasiyoonekana kwa macho, nayo hutoka pamoja na mavi. Minyoo iliyopatwa na dawa hutoka ikiwa ingali na mayai tumboni. Kwa hiyo mavi ya siku za kwanza baada ya dawa yana hatari kubwa. Penye joto na unyevu, mayai hayo huwa tayari kuambukiza baada ya wiki 2 hivi, na udongoni huweza kuishi miezi mingi. Kuku akichakura na kuyameza, katika wiki 5 hadi 8 mavi yake nayo yatakuwa na mayai ya minyoo.

Basi fanya hivi:

1. Safisha banda kwanza na utandaze majani makavu. Toa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha wafungie kuku ndani kwa siku 3.

2. Siku ya 4 zoa mavi na majani yote, utandaze mengine. Usimwage samadi hiyo mbichi shambani; huunguza mizizi na kueneza minyoo.

3. Chagua mahali tambarare, mbali na kisima na kijito. Changanya debe 1 la mavi na madebe 2 ya mabua yaliyokatwakatwa na majani makavu. Rundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita 1 au zaidi. Liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Lifunike kwa majani ya migomba na kulizungushia ua, kuku wasilichakure.

4. Chomeka kijiti katikati. Ukikitoa kikiwa moto usiovumilika mkononi, kazi inaendelea. Joto la digrii 55 za Selsiasi au zaidi, kwa siku 3 mfululizo, huua mayai. Lakini pembeni rundo ni baridi. Kwa hiyo ligeuze mara 5, kila baada ya siku 3 au 4, ya nje yaingie ndani. Likinuka hata kuwasha pua, ongeza majani makavu.

5. Liache kwa miezi 2 au 3, mpaka liwe jeusi na kunuka udongo. Ndipo uipe kahawa yako.

Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo. Wala usile wala kuuza mayai na nyama ya kuku hao kabla ya kutimia siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Kumnywesha kuku dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni beleshi.