Kijana na Jina Lake la Simuni

Msomaji, mwanao akilalamika kichwa na uchovu, mpime malaria, lakini muulize pia usiku analala saa ngapi.

Kijana mmoja wa Kisauni aliletwa kwangu na mamake kwa sababu hiyo. Tangu amalize shule hana kazi. Mtaani ni mtoto wa fulani tu. Lakini katika mchezo wa simu ana jina, ana cheo, na wenzake humngojea. Anachokifuata usiku kucha ni yule mtu anayekuwa humo. Mama alipomnyang'anya simu, kijana alivunja mlango. (Mimi pia ningekasirika.)

Tangu Januari 1, 2022, orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani inautaja uraibu wa michezo hii: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya yote, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Kupenda intaneti tu hakumo.

Basi simu ilale sebuleni, na kijana atafutiwe pa kuitwa kwa jina lake: timu ya mtaa, au gereji Changamwe. Akitaja kujidhuru, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.